Usimpake mtoto rangi kichwani

Dada, umeuliza kama umpeleke saluni mtoto wa mumeo, miaka 9, mwenye nywele nyekundu, akapakwe rangi nyeusi kwa sababu shuleni huko Leeds, Uingereza, wanamwita "Tangawizi" ("ginger", jina la kuwatania wenye nywele nyekundu) na hawampi nafasi kwenye mpira. Usimpeleke. Baada ya wiki chache nywele zitaota nyekundu kwenye mashina, na hapo watapata la kumchekea mara mbili.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 inataja rangi ya ngozi, dini, ulemavu na mengineyo, ila nywele nyekundu hazimo. Kwa hiyo ukienda na hoja ya ubaguzi watakuzungusha. Hoja yako iwe uonevu: shule za serikali England zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu wa kuuzuia. Omba nakala. Andika daftarini siku, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Na huyo mwalimu aliyekuambia getini kwamba "ni utani tu", mwandikie barua pepe ajibu kwa maandishi.

Halafu muulize mtoto mwenyewe, taratibu, akiwa anakula. Wangu alichotaka ni mtu wa kukaa naye tu wakati wa chakula cha mchana.