Zohali nzuri ila Mshtarii ndo baba lao

Mkuu umeuliza tukiiweka Dunia pembeni sayari gani ni bora kuliko zote, naona karibu wote mmekimbilia Zohali kisa pete, na wachache Mirihi kwa sababu ya stori za watu kuhamia huko. Pete ni nzuri sikatai, ila kuziona mpaka upate darubini ya maana, kwa macho matupu Zohali ni kama nyota tu ya njano njano. Zuhura ndo inang'aa kuliko zote lakini kule ni tanuri, nyuzi 460 na kitu usiku na mchana.

Mimi nasimama na Mshtarii. Novemba 2023 nilikuwa Tanga kwa mama mkubwa, kipindi hicho Mshtarii ilikuwa inachomoza jua likizama kwahiyo usiku kucha unayo. Nikaazima binokula ya kaka, ile 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele milimita 50), nikapanda juu ya nyumba. Mwanzo naona kitu kinarukaruka tu maana mikono inatetemeka, nikaiegemeza kwenye tenki la maji nikabana pumzi, ndo ikatulia: kiduara cheupe, na pembeni yake vinukta vimejipanga mstari mmoja, viwili kushoto kimoja kulia. Najua miezi yake mikubwa ni minne, nikautafuta huo mmoja kama lisaa lizima wapi. Nikachora kwenye daftari nikashuka. Kesho yake muda ule ule napanda, vipo vinne na mpangilio wote umebadilika!

Aisee nilisisimka. Io, mmoja wa hiyo miezi minne, unamaliza mzunguko kwa masaa 42 na nusu hivi, kwahiyo ndani ya siku moja tu ishahama upande, na ule niliokosa jana yake ulikuwa umepita mbele au nyuma ya Mshtarii yenyewe. Ndo hicho hicho alichokiona Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, Januari 1610, akawa na ushahidi mkononi kwamba sio kila kitu cha angani kinaizunguka Dunia. Halafu 1676 Ole Rømer, mtaalamu wa nyota Mdenmaki aliyekuwa Paris, akagundua Io inapopatwa na kivuli cha Mshtarii taarifa inatufikia kwa kuchelewa kipindi tukiwa mbali nayo, akasema basi mwanga nao unatumia muda kusafiri. Yote hayo yametoka kwenye vile vinukta vyangu vya Tanga.

Uzito sitaki hata kubishana, sayari nyingine saba zote jumlisha, Mshtarii inazizidi mara mbili na nusu. Na Uropa, mmoja wa ile minne, una barafu juu na kila dalili ya bahari chini yake, chombo cha Europa Clipper kimerushwa Oktoba 2024 kinatarajiwa kufika 2030.

Mkuu kama una binokula yoyote ile, egemeza ukutani, chora unachokiona, rudi kesho saa ile ile, halafu uje tuendelee na ubishi wa Zohali.