Usianze na Mpira wa Maji

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza: "Mama, tangu nikabidhiwe kituo hiki cha mbwa na paka wasio na kwao naamka alfajiri, nadeki mpaka mgongo unaniuma, na bado wanazidi kuugua. Nakosea wapi?"

Nadhani unakosea dakika ile ya kwanza, unaposhika mpira wa maji. Kabla ya maji, pita na daftari. Kizimba kichafu kinasema: nani kaharisha usiku, nani katapika, bakuli la nani halijaguswa. Ukishamwaga maji, ushahidi wote umekwenda na mfereji. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa usafi, unanijua, na nilipoteza paka kwa ajili hiyo. Nilikuwa nakusanya mabakuli na kumwaga mabaki bila kutazama ni ya nani. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa mnene, mafuta huanza kujaa kwenye ini, na hapo hamu ya kula ndiyo inapotea kabisa. Niligundua siku ya nne.

Ukishazunguka, safisha. Anza na vitoto vyenye afya, halafu wakubwa wenye afya, halafu wageni walio karantini. Wagonjwa mwisho, na ukitoka kwao usirudi nyuma. Virusi vya parvo, ule ugonjwa mkali wa kuharisha na kutapika, hukaa sakafuni miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Klorini, ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, huviua, ila uchafu huipunguza nguvu. Kwa hiyo sugua, suuza, ndipo uiweke, kipimo kimoja kwa vipimo 32 vya maji, sakafu ibaki imelowa dakika 10. Wengi humwaga na kukausha papo hapo. Huko ni kuitia sakafu manukato tu.

Paka, lakini, usimtoe kila asubuhi ili usugue kona zote. Futa palipochafuka, mwachie blanketi lake. Bughudha huamsha mafua yaliyolala mwilini mwake.

Sasa hesabu. Kulisha na kusafisha ni kama dakika 15 kwa kila mnyama kwa siku. Mko wawili na wanyama 60: hizo ni saa 15, hujapokea simu wala kumpa mgonjwa yeyote dawa. Si uvivu wako, mwanangu. Na vizimba vipya havitakuokoa, vitajaa tu. Wakiingia wawili kwa siku na kila mmoja akakaa siku 30, utakuwa na 60 daima. Wakikaa 20, ni 40. Basi kila jioni pitia majina, ujiulize huyu anasubiri nini ili apate mtu wa kumchukua. Mara nyingi ni kitu kidogo: picha nzuri, sahihi ya daktari, mtu wa kurudisha simu. (Chanjo isiwe mojawapo, mchanje siku ileile anayofika.)

Yule mbwa mweusi uliyesema ana miezi mitatu hapo, anasubiri nini hasa? Niandikie.

Mama yako