VR kwenye dresingi ya kidonda cha moto: ushauri wangu kwa manesi wenzangu

Juzi nesi mmoja wa Mwanza kaniandikia inboksi: "Shikamoo dada, nimeona umeposti yale mamiwani ya gemu mnayowavalisha wagonjwa, hivi kweli yanatuliza maumivu au ni mbwembwe za huko Marekani tu?" Nimemjibu kwa kifupi ila najua mko wengi wenye swali hilohilo, hasa mlioko wodi za majeraha na mnaotaka kupiga hatua kwenye hii kazi yetu, kwa hiyo leo naandika yote.

Marahaba mdogo wangu. Hayo mamiwani ndiyo hedseti ya VR, ukiivaa unaona na kusikia dunia ya kompyuta kana kwamba uko ndani yake. Yanatuliza, tena sana, ila kwa masharti.

Kwanza hii kitu haijaanza jana. Miaka ya 1990 kule Seattle mwanasaikolojia Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington na mwenzake David Patterson wa kituo cha majeraha ya moto cha Harborview walianza kuitumia kwa watu walioungua, wakatengeneza programu inaitwa SnowWorld. Mgonjwa anavaa hedseti anajikuta yuko katikati ya mabonde ya barafu, theluji inadondoka, na yeye anawarushia pengwini mabonge ya theluji. Baridi imechaguliwa makusudi, maana aliyeungua humpeleki jangwani. Mwaka 2000 wakachapisha habari za vijana wawili waliofanyiwa dresingi, sehemu wakicheza gemu ya kawaida ya Nintendo kwenye skrini na sehemu wakiwa ndani ya VR, na VR ikaishinda Nintendo kwa mbali. Mwaka 2004 wakawaweka watu wazima ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, wanawachoma kwa joto la kuumiza mguuni huku wamevaa hedseti, na sehemu 5 za ubongo zinazoshughulika na maumivu zikaonekana zimepungua kazi. Kwa hiyo anayekwambia mgonjwa anasema hayaumi ili kukufurahisha wewe nesi, mwambie picha za ubongo zipo.

Kinachofanyika ni kwamba maumivu yanataka umakini wako, na umakini wa mtu una kikomo. Ukiuchukua wote ukaupeleka kwenye kulenga shabaha, unaobaki wa kusikilizia kidonda ni kidogo. Ndio maana mgonjwa lazima AFANYE kitu. Kumwekea video ya bahari aangalie tu hakusaidii sawasawa na kumpa kitu cha kulenga, hili nimeliona kwa macho yangu kila mara.

Sasa yangu. Habari za viza na mitihani ya leseni nayaacha, yanachosha. Nilipopangiwa wodi ya walioungua huku Marekani nilikuta mambo ambayo kila nesi wa vidonda anayajua, shashi imeganda kwenye nyama, unailowesha na maji ya chumvi unaibandua pole pole, halafu unatoa ule utando uliokufa, na mgonjwa ameshapewa mofini yake, ile dawa kali ya maumivu, na bado analia. Huwezi kuendelea kuongeza tu mofini, pumzi itashuka. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeungua miguu yote miwili, nikisogeza beseni tu vidole vyake vya miguu vinajikunja, sijamgusa bado, nimesogeza beseni tu! Na hedseti ilikuwepo kabatini imekaa na vumbi, msaada wa watu fulani, hakuna anayeigusa.

Nikasoma, nikaomba ruhusa ya daktari, nikaanza. Siku ya kwanza kwa yule kijana nilimvalisha nikamwacha acheze kidogo kabla sijafungua hata plasta moja, ndipo nikaanza kulowesha. Nikawa naangalia vile vidole. Vimelala. Nikabandua shashi ya goti, vimelala, nikashuka kwenye muundi, mkono wake uko bize na remoti analenga, ananiuliza kama nimeshaanza, na mimi nimeshafika kwenye kifundo. Siku zote alikuwa ananipa 8 kwenye ile skeli ya 0 mpaka 10, siku ile akasema 4. Nilijivunia na bado najivunia, sioni kwa nini nifiche.

Lakini niliambiwa maneno. Kwenye kikao, mbele ya wenzangu wote, mkubwa wangu mmoja akasema pale ni wodi sio ukumbi wa sinema na kama nataka kuchezesha watu gemu nikatafute kazi nyingine. Watu wakacheka. Iliniuma na inaniuma mpaka leo, kwa sababu huyohuyo wageni wakija siku hizi ndiye anayewaonyesha hedseti na kueleza inavyofanya kazi, na sijawahi kusikia neno pole. Nayasema haya kwa sababu na nyie mtakatishwa tamaa, tena na watu wa ndani ya taaluma. Songa mbele.

Kwa hiyo ushauri wangu: mvalishe mapema, kabla maumivu hayajaanza. Narudia tena, KABLA. Ukisubiri mpaka anapiga kelele umechelewa, akili yote imeshahamia kwenye kidonda. Uliza kama ana kifafa au ana kichefuchefu, hao usiwavalishe bila daktari. Aliyeungua uso hawezi kubanwa na hedseti, ingawa jeshi la Marekani kwa askari wao walioungua walitumia miwani iliyoshikiliwa na mkono wa chuma pembeni ya kitanda isimguse. Futa kifaa kwa dawa kila ukimaliza mgonjwa, vidonda vya moto havitaki masihara na wadudu. Na mpe kitu cha kufanya, sio cha kutazama.

Na dawa usiondoe! VR inaingia pamoja na mofini, haichukui nafasi yake. Nasisitiza hili kwa sababu nyumbani kuna wodi mgonjwa anapewa panadoli halafu anaambiwa jikaze, mwanaume halii. Jamani. Mtoto kamwagikiwa uji wa moto kifuani, unamwambia ajikaze kwa lipi? Uganda hapo jirani mofini ya maji wanaitoa miaka mingi, na tangu 2004 manesi waliosomea huduma shufaa, yaani kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa wenyewe. Kutuliza maumivu ni wajibu wa nesi sawa na kutoa antibayotiki, na ukishaamini hivyo utahangaika mwenyewe kutafuta njia, iwe ni hedseti au ni kumpa mtoto simu apige baluni wakati unamfanyia dresingi, maana kanuni ni ileile japo nguvu yake ni ndogo.

Wa maumivu ya mgongo yasiyoisha mliouliza, yenu ni tofauti kidogo. Novemba 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu programu ya VR inayoitwa EaseVRx ya kutumia nyumbani wiki 8, hiyo inafundisha kupumua na kutuliza mwili. Kwenye utafiti wake 66% ya waliotumia walipungukiwa maumivu kwa zaidi ya 30%, na wale wa kundi la kulinganisha walikuwa 41%. Ni ya watu wazima, na inataka mtu wa kukaa nayo kila siku.

La mwisho, andika namba. Maumivu kabla, wakati, na baada, pamoja na dawa aliyopewa na saa. Mimi nilitumia daftari la kawaida la shule, na bajeti ilipojadiliwa ndilo nililoliweka mezani, hedseti nyingine zikanunuliwa. Mkikwama namna ya kupanga ukurasa niandikieni inboksi, nitawapigia picha wa kwangu nikiwa nimefunika majina.