Muulize Fundi: Gari ikizima porini usiku, una nini kwenye buti?

Masika ikikaribia maswali yenu yanabadilika, hamuulizi tena sana mambo ya rimu na muziki, mnauliza safari. Toleo hili nimechukua yale ya dharura tu, na jibu moja nimeliachia liwe refu kwa sababu kuna watoto ndani ya hiyo gari.

Habari fundi. Nipo Tabata, Dar, nimenunua Toyota Noah used kutoka Japani na mwezi ujao nataka kuwapeleka watoto Mtwara kwa bibi yao. Mume wangu yupo kikazi mkoani kwa hiyo naendesha mwenyewe. Kila mtu ananiambia nibebe hiki nibebe kile mpaka nimechanganyikiwa. Vya lazima ni vipi? – Mama Wawili

Nzuri dada yangu, na hongera kwa gari. Kabla ya kununua chochote kumbuka kitu kimoja kuhusu hiyo njia yako. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama siku kadhaa, mabasi, malori na gari ndogo, na wengi walitoka nyumbani wakijua jioni watakuwa wamefika. Kwa hiyo mimi siwezi kuanza na jeki, naanza na watoto. Mkikwama mpaka kesho kutwa watakunywa nini na watajifunika nini? Weka maji ya kunywa, yasipungue lita 3 kwa kila mtu kwa siku, na ubebe ya siku mbili. Weka tende, karanga, biskuti, vitu ambavyo haviharibiki kwa joto, khanga kadhaa na shuka zito moja, dawa za mtu yeyote anayetumia dawa kila siku, na pesa taslimu kidogo maana mtandao ukikata huko njiani simu yako yenye salio haikununulii hata chapati. Usiku kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema mvua kubwa Lindi na Mtwara ahirisha, bibi atasubiri. Na mafuta usiache yashuke chini ya nusu tenki, ukiona sheli jaza hata kama bado ipo ipo.

Sasa tairi. Gari nyingi za Japani zinashuka bandarini na tairi za kule za msimu wa baridi, zimeandikwa studless ubavuni, mpira wake ni laini na kwa lami yetu ya moto zinaisha haraka na kwenye mvua hazishiki vizuri. Kama unazo, badilisha kabla ya safari, hii sikubembelezi. Halafu tafuta ubavuni mwa kila tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ukikuta 2316 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2016, hata kama kashata zake, yale manundu yanayokanyaga barabara, bado zinaonekana nzima mpira umeshazeeka na ndio hizi zinapasuka saa nane mchana ukiwa spidi na gari imejaa. Upepo jaza asubuhi tairi zikiwa za baridi, kipimo chako kimeandikwa kwenye kibandiko pale mlango wa dereva unapofungia, usikubali yule kijana wa upepo akujazie anavyojua yeye.

Spea je, umeshaiona kwa macho? Naomba ukaiangalie leo leo. Kuna gari zinakuja hazina spea kabisa, zina kopo la gundi ya kuzibia pancha na pampu ndogo tu, na kopo lina tarehe ya kuisha, likishapita halikusaidii. Nyingine zina kile kitairi chembamba ambacho mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa na kinataka upepo mwingi, kama psi 60. Sasa chagua Jumamosi moja asubuhi, uwanjani kwako pale, utoe tairi na kufunga spea kwa mikono yako mwenyewe huku hao watoto wanaangalia. Nasisitiza hili kuliko yote niliyoandika humu, maana utagundua mambo ambayo usiku porini hutaki kuyagundua, kwamba jeki haifiki, kwamba spana sio saizi ya nati zako, kwamba nati zilikazwa na mashine ya upepo na mkono wako hauziwezi. Hapo utatafuta kipande cha bomba la chuma cha kurefushia spana, na kipande cha mbao cha kuweka chini ya jeki isizame kwenye mchanga, na vyote viwili vitakaa kwenye gari moja kwa moja. Nati unazilegeza tairi ikiwa bado chini, ndio unapandisha jeki.

Vile viboksi vya dharura wanavyotembeza kwenye foleni sivipendi. Pembetatu yake ni nyepesi, lori likipita linaipuliza. Nunua mbili zenye miguu mizito, nunua na koti la kung'aa, na koti usiliweke kwenye buti, liweke mfuko wa mlango wa dereva ulivae kabla hujashuka. Pembetatu ziweke mbali, mita 50 ni kidogo kwa hiyo barabara, nenda hata 100, na kama umezimika baada ya kona weka kabla ya kona. Watoto watoke upande usio wa magari, wakae mbali na lami nyuma ya gari kidogo, wasibaki ndani. Tochi iwe ya kuvaa kichwani ili mikono yote iwe huru. Ukiweka matawi barabarani au jiwe la kuzuia tairi, tafadhali sana toa ukimaliza, lile jiwe linaua mtu wa bodaboda saa mbili baadaye.

Oya bro, natumia Mark II. Nikitoka Dar kurudi Makambako, kila nikifika mlima Kitonga mshale wa joto unapanda. Fundi wangu anasema tutoe thermostati halafu niwe naweka maji ya kawaida, kulanti ni ghali. Nikubali? – Kijana wa Makambako

Usikubali mdogo wangu. Najua hiyo dawa ya kutoa thermostati imeenea gereji nyingi lakini inaficha ugonjwa. Ile kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake na ibaki hapo, ukiitoa injini inakaa ya baridi muda mwingi, inakula mafuta, oili inachafuka mapema, na bado mlimani itachemsha kwa sababu chanzo hukukigusa. Chanzo huwa ni rejeta imeziba kwa ndani au kwa nje na wadudu na vumbi, au feni haizunguki inavyotakiwa, au mfuniko wa rejeta umechoka haushiki presha, au wota pampu. Mfuniko ni wa bei ndogo, anza nao, watu wanaudharau mno. Kulanti, yaani ule maji maalumu ya rangi ya kupozea injini, inachelewa kuchemka kuliko maji na inazuia kutu, maji ya bomba yanaacha magamba ndani ya rejeta ndio mwanzo wa hayo yote. Kidumu cha maji cha lita 5 kaa nacho, lakini ni cha kukufikisha gereji.

Siku ikipanda tena zima AC, fungua hita mpaka mwisho na madirisha wazi, ni mateso lakini inatoa joto kwenye injini, halafu tafuta sehemu pana usimame. Usifungue mfuniko ikiwa ya moto. Subiri nusu saa au zaidi, bomba la juu la rejeta likishikika kwa mkono ndio unafungua kwa kitambaa, taratibu. Nimeona uso wa mtu aliyefungua haraka, sitaki kuuona wa mwingine.

Na ukiwa unashuka hiyo hiyo Kitonga kwenda Dar, weka gia nzito, kwenye otomatiki ni L au 2, acha injini ikushikilie. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto mpaka pedali inazama na gari haisimami. Oili ya breki badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama kopo limejaa, inavuta unyevu wa hewani, na huo unyevu ndio unachemka siku ya mteremko.

Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, Moshi. Mtungi wangu wa zimamoto nimeukuta na gari, trafiki wakiuomba nawaonyesha tunaachana salama. Mjukuu anasema umeshakufa. Nitajuaje? – Babu wa Moshi

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu anaweza kuwa na haki. Angalia ile saa ndogo juu, mshale uwe kwenye kijani, halafu pini na lakiri viwepo, na tarehe ya kukaguliwa isiwe imepita. Ukiwa wa unga, uugeuze na kuutikisa mara moja moja maana unga unagandamana chini na mtikisiko wa barabara ukizidi. Ukiwa na shaka upelekwe ofisi ya Zimamoto hapo mjini wakuelekeze pa kuujaza. Kilo moja inaisha ndani ya sekunde chache tu mzee, kwa hiyo uwe karibu na kiti chako umefungwa vizuri, sio kwenye buti chini ya mizigo. Moshi ukitoka kwenye boneti, zima gari, kila mtu atoke, na boneti usiipandishe yote, hewa ikiingia kwa nguvu moto unakurukia. Vuta tu ile ya ndani ya kufyatulia boneti, puliza kwenye upenyo. Ukiona haukubali ondoka, piga 114, gari inunuliwe nyingine.

Na kwa kuwa barabara yako ina malori mengi ya matenki ya mafuta, ukikuta limepinduka geuza gari, hata wakikwambia mafuta ni ya bure. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 walikufa zaidi ya watu 100 kwenye moto wa tenki, wengi wao walikuwa wamefuata petroli.

Fundi, mvua ikipiga Dar maji yanajaa barabarani na gari zingine zinapita. Rav4 yangu iko juu, napita? – Wa Kigogo

Kama huoni lami na hujui chini kuna nini, usipite. Maji yanayotembea hata yakiwa sentimita 30 tu yanaweza kuisukuma gari ndogo, yakifika 60 hata hiyo Rav4 inaelea, na pale Jangwani chini kunaweza kuwa na shimo lililochimbwa na maji hayo hayo. Maji yaliyosimama na mafupi, nusu tairi kushuka chini, unapita polepole gia moja bila kusimama, ukitoka kanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Ikikuzimikia ndani ya maji usipige stata tena, injini ikivuta maji inakunja koni rodi na hapo unanunua injini. Maji yakianza kupanda teremsha dirisha mapema umeme ukiwa bado unafanya kazi, tokeni kwa dirishani. Weka ile nyundo ndogo ya kuvunjia kioo karibu na dereva, inavunja vioo vya pembeni, cha mbele haikiwezi.

Betri ikifa, waya za kubusti zinaanzia wapi? Kila mtu ana mtindo wake. – Dereva, Dodoma

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, upande wa pili wa nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wa nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyozimika, mbali na betri, kwa sababu betri inatoa gesi inayoshika moto na ile cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake. Ikiwaka toa kwa kurudi nyuma. Waya nunua nene, zile nyembamba zinapata moto tu na stata haizunguki. Na pima betri asubuhi gari haijawashwa, ikiwa nzima na imejaa inasoma kama volti 12.6, ikiwashwa iwe 13.8 hadi 14.4, ikisoma chini ya hapo kamata altaneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake kabla hujapoteza hela kwenye betri mpya.