Kikaragosi: kuza kilicho chake tu

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nachora sura za watu kwa ajili ya kadi za kuagana kazini. Nakuza pua, masikio na meno ili mchoro uchekeshe. Watu wanacheka kweli, kisha wanauliza, "Sasa huyu ni nani?" Nakosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Unakuza kila kitu, ndugu yetu, na hapo ndipo sura inapopotea. Kikaragosi, yaani mchoro wa kuchekesha wa mtu kama huo wako, hukuza kile kinachomtenga mtu na wenzake. Basi pima kwanza. Kwa mtu mzima, macho hukaa katikati ya kichwa, ukipima toka utosini hadi kidevuni, na kati ya jicho na jicho huenea jicho jingine moja. Toka nyusi hadi chini ya pua, na toka hapo hadi kidevuni, urefu hukaribiana. Mhusika wako anaachana wapi na vipimo hivyo? Chagua sehemu moja, zikizidi sana mbili. Kidevu kikiwa kirefu, kiongeze nusu ya urefu wake, kisha punguza paji na macho, maana kikubwa huonekana kikubwa kikiwa kando ya kidogo. Pua ya kawaida iache ilivyo.

Ukichora kwa picha ya simu, usiipige karibu: pua huvimba na masikio hujificha, nawe utakuza kosa la kamera. Simama kama mita 2.

Jambo moja tunalisisitiza. Vitabu vingi vya kuchora hupimia nyuso za Wazungu. Ukimlinganisha Mwafrika na nyuso hizo, utakuza midomo na pua ya kila mtu, na utakuwa umedhihaki watu wa rangi nzima bila kumchora yeyote. Mlinganishe na majirani zake.

Tafuta pia michoro ya Charles Philipon, mhariri wa Paris aliyeshtakiwa mwaka 1831 kwa kumkejeli Mfalme Louis-Philippe. Akijitetea mahakamani, alichora vichwa vinne: cha kwanza mfalme, cha nne tunda la pea. Tazama mashavu yanavyozidi kushuka na kichwa kinavyochongoka juu, huku mengine yakififia. Alifungwa hata hivyo.

SWALI: Mwalimu ameandika kwamba mhusika wa hadithi yangu ni "kikaragosi". Ana maana nimetumia chuku? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Chuku unaweza kuitia popote, hata kwenye mvua. Kikaragosi cha maandishi ni chuku iliyofungwa kwenye tabia moja ya mtu. Mfano ni bahili huyu: "Inzi akitua kwenye sukari, humkung'uta miguu kabla ya kumwachia." Mtu wa hivi anafaa sana akiingia mara moja na kutoka. Akibeba hadithi nzima, ukurasa wa tatu msomaji ameshajua atakalofanya, na pengine hilo ndilo lililomsumbua mwalimu wako. Mpe jambo linalogongana na ubahili wake: mathalani, analipa ada ya mtoto wa jirani na hataki ijulikane.