Muulize Wakili: Miliki bunifu itanilipia kodi?

SWALI: Shikamoo Wakili. Nimemaliza mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, nasubiri kuapishwa. Tasnifu yangu chuoni ilihusu hakimiliki za wanamuziki, na huko ndiko moyo ulipo. Wenzangu wananicheka, wanasema niende kwenye ardhi au jinai, miliki bunifu, yaani haki za kazi za akili kama hizo, ni njaa. Mjomba amenitafutia nafasi kwenye ofisi inayodai madeni ya benki. Nifanyeje? – Kijana, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamepatia nusu. Wanamuziki watakupa picha za kubandika ukutani. Kodi ya ofisi yangu hapa Kariakoo inalipwa na alama za biashara, yaani majina na nembo za bidhaa: unga, sabuni, maji ya chupa, mafuta ya nywele. Chuoni hakuna aliyetuambia habari za mafuta ya nywele.

Mteja wangu wa kwanza wa maana aliuza viungo vya pilau. Alama yake alishaisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, cheti kakitia fremu dukani. Alipopeleka mzigo Unguja akakuta jina lile lile limesajiliwa na mtu aliyekuwa akinunua kwake kwa jumla! Cheti cha Bara hakivuki maji. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili, BPRA. Nilipanda boti mara 5, na mwisho mzee wa watu akalinunua jina lake mwenyewe. Tangu hapo kila anayeketi mbele yangu namuuliza kwanza: na Zanzibar utauza? Mara nyingi jibu huzaa jalada la pili.

Jingine ni tarehe. Alama ya Bara hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ofisi niliyojifunzia kazi iliwahi kupitiwa na tarehe ya mteja, na aliyetumwa kwenda kumweleza ni mimi, mdogo kuliko wote. Nunua daftari la tarehe kabla ya joho.

Hataza, yaani haki za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ziache kwanza. Kama sayansi uliiaga sekondari, kama mimi, kuandika madai ya uvumbuzi wa mashine kutakuumbua. Tafuta rafiki mhandisi.

Masomo? Anza na kozi ya awali ya WIPO, shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa, mtandaoni, haina ada. Shahada ya uzamili ya miliki bunifu ipo Africa University, Mutare, Zimbabwe, kwa ushirikiano na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kikanda Afrika, lakini usiikimbilie kabla hujajaza fomu za wateja japo 20 kwa mkono wako.

Nafasi ya mjomba ichukue. Madeni yatakufundisha mahakama na uandishi wa barua kali. Ila siku ya kwanza ulizia kama wana majalada ya alama za biashara. Ofisi nyingi huyaona kazi ya karani, watakukabidhi bila ubishi.

Na yule mwanamuziki uliyemhoji kwa ajili ya tasnifu, kama namba yake bado unayo, mpigie. Muulize jina lake la jukwaani limesajiliwa kwa nani.