Mwulize Fundi: Kola Inayoachana na Shingo, Kwapa la Chini na Koti Linalobana Msimu wa Baridi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeshonewa suti kwa ajili ya harusi ya kaka yangu. Nikiivaa, kitambaa kinajikunja nyuma, chini kidogo ya kola, kikafanya mkunjo mnene wa kulala, na kola yenyewe inaachana na kola ya shati. Fundi aliyeishona anasema ataifupisha kola ili ishike shingo. Harusi ni baada ya wiki tatu. Nimruhusu?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwombe asishike mkasi kwanza, kwa sababu katika tatizo kama lako kola aghalabu haina kosa. Mkunjo wa kulala chini ya kola unaonyesha kuwa kuna kitambaa kilichozidi sehemu ya juu ya mgongo, na mara nyingi kinazidi kwa sababu moja kati ya mbili: ama mabega yako yamenyooka kuliko mteremko aliokata fundi, hivyo ncha za mabega hulisukuma koti juu na ziada ikakusanyika katikati, ama unasimama wima sana hata mgongo wako ukawa mfupi kuliko mgongo wa koti. Akiifupisha kola bila kuiondoa ziada hiyo, shingo itabanwa na mkunjo utabaki palepale.

Lipimeni upya kabla ya kufumua chochote kikubwa. Vaa shati utakalolivaa siku ya harusi, vaa koti, funga kifungo cha katikati, kisha simama kama unavyosimama kituoni unaposubiri daladala. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wakifika mbele ya kioo cha fundi hujikaza kama wako kwenye gwaride, na fundi akarekebisha koti kwa mkao ambao mteja ataubeba kwa dakika tano tu. Baada ya hapo fundi afungue bitana kidogo penye mabega na kuzitoa pedi, kisha ulivae tena. Mkunjo ukipotea au ukipungua sana, tatizo lilikuwa mteremko wa mabega, na dawa yake ni kuweka pedi nyembamba zaidi; hiyo ni kazi ndogo isiyohitaji kukata kitambaa hata kidogo. Ukiona bega moja limeshuka kuliko jingine, jambo la kawaida kabisa kwa binadamu, pedi ya upande ulioshuka iachwe nene kidogo kuliko mwenzake.

Mkunjo ukibaki hata bila pedi, fundi aubane kwa pini, ukiwa umelala kutoka bega hadi bega, mpaka mgongo ukae sawa. Kitambaa chote kilichomezwa na pini, yaani pande zote mbili za pindo, ndicho kipimo cha ziada: pindo lenye kina cha nusu sentimita limemeza sentimita nzima. Atafumua kola, atashusha shingo ya nyuma kwa kipimo hicho, kisha atairudisha kola mahali pake. Aipige bandi kwanza, yaani aishikize kwa mishono mirefu ya muda, na wewe uijaribu kabla ya kushona moja kwa moja. Wiki tatu zinatosha, ila usizimalize zote ukisubiri wiki ya mwisho.

Wapo wasomaji ambao kola yao inaachana na shingo lakini mgongoni hakuna mkunjo wowote. Hao wasiifuate dawa hii. Mara nyingi wana kichwa kilichotangulia mbele au mgongo ulioinama kidogo, na koti lao limepungukiwa urefu nyuma. Kushusha kola kutazidisha ubaya. Wanahitaji kuachiwa kitambaa kwenye mshono wa bega, karibu na shingo, kama fundi aliacha akiba, yaani kitambaa cha ziada ndani ya mshono.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nikiinua mkono kuandika ubaoni, koti lote linapanda na mifuko inafika karibu na kiuno. Nimewaza kuipanua mikono ya koti. Je, ni sahihi?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hapana, mwalimu. Kinachokuzuia ni tundu la kwapa lililokatwa chini mno. Kwapa la koti likikaa karibu na kwapa lako, mkono huzunguka peke yake na koti likatulia. Likikaa mbali, mkono hauwezi kupanda bila kuubeba upande mzima. Wengi huhisi kubanwa, wakaomba tundu lichimbwe zaidi, na wanazidi kuumia.

Nasikitika kukwambia kwamba hili ni kosa gumu kuliko yote yanayoletwa mezani, kwa kuwa kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi. Njia iliyopo ni kupunguza kwenye mshono wa bega: ukiinuliwa sentimita 1, kwapa nalo hupanda sentimita 1, lakini mifuko, vifungo na pindo la chini hupanda pia, na mkono wa koti lazima ufumuliwe na kupunguzwa ili uingie katika tundu dogo. Zaidi ya sentimita moja na nusu koti hupoteza umbo. Kama mifuko yako tayari iko juu, ni afadhali ulivae koti hilo kwenye vikao na ushone jingine la darasani, ukimwambia fundi tangu mwanzo kwamba unaandika ubaoni.

SWALI: Koti nililoshona Januari lilinikaa vizuri sana. Sasa ni Juni, baridi imeingia, na nikivaa sweta ndani kifungo kinavuta na kuacha mikunjo yenye umbo la X tumboni. Je, linaweza kuachiwa?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Linaweza, iwapo kuna akiba. Fungua bitana sehemu ndogo na uangalie upana wa kitambaa kilichobaki ndani ya mshono wa katikati ya mgongo na mishono miwili ya ubavuni. Ukiachia sentimita 1 kila upande wa mshono, kila mshono unaongeza sentimita 2, na mishono mitatu inakupa 6, ambazo ni nyingi kwa sweta jepesi. Usiziachie zote kiunoni tu. Mstari mpya upande taratibu kuelekea kifuani, maana sweta linajaza huko pia.

Alama ya mshono wa zamani itaonekana. Kwenye sufu hufifia kwa pasi na kitambaa chenye unyevu. Kwenye poliesta matundu ya sindano huwa magumu kufutika, kwa hiyo jaribu kwanza sehemu iliyofichika. Ukikuta ndani hakuna akiba, sogeza kifungo kwa sentimita 1, usizidishe, la sivyo sehemu za mbele zitakaa upande. Na kwa kuwa huko kwenu baridi hurudi kila mwaka, mara nyingine nenda kupimwa ukiwa umevaa sweta lenyewe.